Mali Bila Daftari: Kisangani na Safari Ndefu ya Mikataba ya Umma

Pembezoni mwa Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambao wenyeji wake huuita pia Boyoma, kuna mahali panapoitwa Kapalata. Kwa miaka mingi jina hilo limekwenda pamoja na kambi ya jeshi. Wapiganaji wa AFDL, chama cha Laurent-Désiré Kabila, waliuteka mji tarehe 15 Machi 1997, na miezi miwili baadaye Rais Mobutu Sese Seko akaikimbia nchi. Ndipo vijana wa makundi ya wapiganaji ya Mai-Mai kutoka Kivu, wengine wakiwa bado watoto, walipokusanywa Kapalata ili waingizwe katika jeshi jipya. Chakula kilikuwa haba, kipindupindu kikaingia, na wengi wakafa.

Historia inayofuata inahusu karatasi: mikataba ya serikali, hesabu zake, na ripoti za wakaguzi wake. Ni historia ya ofisi na makabati, lakini uzito wake hupimika vizuri mahali kama Kapalata, ambako watu wametangulia kuubeba mzigo wa maamuzi ya wakubwa na wamekuwa wa mwisho kuonyeshwa maandishi yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kongo ilijifunza kuandika daftari mapema. Kilichochukua muda ni kulifungua mbele ya mwenye mali.

Mwaka 1999 Kisangani ulikuwa mji wa mabwana wawili. Waasi wa RCD, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kabila tangu 1998, walikuwa wamegawanyika. Upande mmoja ulikuwa na makao yake Goma na uliungwa mkono na Rwanda. Upande wa pili uliongozwa na Profesa Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uliungwa mkono na Uganda. Kila jeshi lilikuwa na sehemu yake ya mji, na katikati kulikuwa na maduka ya kununulia almasi, yenye kuta zilizochorwa mawe yanayong'aa na mabunda ya dola. Almasi ya mito ya Tshopo ilipita hapo, na aliyeushika mji ndiye aliyeshika kodi na vibali. Majeshi hayo, yaliyoingia Kongo kama washirika, yalipigana mjini Agosti 1999, yakapigana tena Mei 2000, kisha yakaja mapigano ambayo wenyeji huyaita hadi leo Vita vya Siku Sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000.

Katika siku hizo makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mji. Daraja la mto Tshopo likawa uwanja wa vita, na kanisa kuu la Kikatoliki likapigwa. Umoja wa Mataifa ulipofanya tathmini ulikuta raia zaidi ya 760 wameuawa, wapatao 1,700 wamejeruhiwa, na maelfu ya nyumba zimeharibiwa. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likizitaka Uganda na Rwanda ziondoke na zitoe fidia kwa hasara ziliyowasababishia watu wa Kisangani. Neno fidia lilikuwa limeandikwa, na robo karne baadaye fedha za fidia zingemfikisha waziri kizimbani.

Jambo jingine lilitokea siku chache kabla ya makombora, na wakati ule halikuzingatiwa sana. Tarehe 2 Juni 2000 Baraza hilo hilo lilimwomba Katibu Mkuu aunde jopo la kuchunguza uporaji wa maliasili za Kongo. Ripoti ya kwanza ya jopo ilitoka Aprili 2001. Ile ya Oktoba 2002 ilibeba orodha ya kampuni 85 ambazo jopo liliziona zimekiuka miongozo ya biashara ya kimataifa. Ripoti hizo zilikuwa na kasoro zake, na kampuni kadhaa zilizotajwa zilipinga. Hata hivyo zilileta desturi mpya. Kabla ya hapo, mkataba wa almasi, dhahabu au mbao ulikuwa siri ya mwenye bunduki na mnunuzi wake. Sasa majina ya watu, kampuni na makamanda yalichapishwa, na mtu yeyote mwenye kompyuta, awe Nairobi, Brussels au Kinshasa, aliweza kuyasoma.

Uganda ilijibu kwa kuunda tume yake yenyewe Mei 2001, chini ya Jaji David Porter. Tume ilisikiliza mashahidi, baadhi wakiwa maofisa wa jeshi, na ripoti yake ikawekwa hadharani. Wengi waliitazama kama njia ya kupoza shutuma. Lakini ripoti iliyokwisha kuchapishwa haichagui msomaji. Kongo ilikuwa imefungua kesi dhidi ya Uganda mwaka 1999 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Majaji walipotoa hukumu tarehe 19 Desemba 2005, waliitegemea kwa kiasi kikubwa ripoti ya Tume ya Porter kama ushahidi wa kuaminika, wakaamua kwamba Uganda inawajibika kwa vitendo vya jeshi lake, uporaji ukiwemo. Mdaiwa alikuwa ameandika kwa mkono wake sehemu ya ushahidi wa mdai. Kesi dhidi ya Rwanda haikufika mbali: Februari 2006 mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Kwa hiyo nusu moja ya Vita vya Siku Sita ilipata hukumu, na nusu ya pili haikupata. Wafu wa Kapalata wa mwaka 1997 nao hawakuwamo, kwa kuwa kesi ya Uganda ilianzia vita vya 1998.

Wakati majaji wa The Hague wakisoma, Wakongo wenyewe walikuwa na faili lao. Mazungumzo ya amani ya Sun City yalikubali iundwe tume ya bunge ya kuchunguza mikataba yote iliyotiwa saini katika vita vya 1996 hadi 1997 na vile vya 1998. Mwenyekiti wake alikuwa mbunge Christophe Lutundula. Tume ilipitia mikataba ya serikali na ya waasi, ikakuta mingi haikuwa halali au haikuiletea nchi faida ya maana, ikapendekeza baadhi ivunjwe na mingine ijadiliwe upya. Ripoti ilikabidhiwa uongozi wa Bunge katikati ya 2005, ikakaa bila kusambazwa kwa wabunge. Ilivuja kwanza, ikasomwa kwenye intaneti, ndipo wabunge walipogawiwa rasmi mapema 2006. Mjadala kamili haukuwahi kufanyika, kwa maana uchaguzi ulikuwa umekaribia na waliotajwa walikuwa bado na viti.

Serikali iliyotokana na uchaguzi huo iliunda Aprili 2007 tume nyingine, ya kupitia upya mikataba 61 ya madini. Matokeo yake yalitangazwa Machi 2008, na safari hii mikataba mingi yenyewe ikawekwa kwenye tovuti ya Wizara ya Madini. Kwa mara ya kwanza mwalimu, mwandishi wa habari au mwanaharakati wa Kisangani aliweza kukaa katika chumba cha intaneti mjini, akalipia saa moja, akasoma ni asilimia ngapi ya mgodi serikali ilibaki nayo.

Kisha zikaja sheria. Kwa miaka 40 manunuzi ya serikali yalikuwa yakiongozwa na amri ya Desemba 1969, ya enzi za Mobutu. Tarehe 27 Aprili 2010 ikaja sheria mpya ya manunuzi ya umma. Ilifanya zabuni ya wazi iwe kanuni, na makubaliano ya moja kwa moja na mzabuni mmoja yawe jambo la nadra lenye masharti na linalohitaji idhini. Iliunda pia chombo cha kusimamia na chombo cha kudhibiti. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Mei 2011, serikali ya Waziri Mkuu Adolphe Muzito ilitoa agizo kwamba kila mkataba unaohusu maliasili, iwe madini, mafuta au misitu, uchapishwe katika muda wa siku 60: katika Gazeti Rasmi, kwenye tovuti ya wizara, na katika magazeti ya nchini.

Agizo hilo halikutoka kwenye fadhila. Kongo ilikuwa imesamehewa madeni makubwa mwaka uliotangulia, na bado imo katika mpango wa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Kuchapisha mikataba kulikuwa sehemu ya bei ya mkopo. Jaribio la kweli lilikuja upesi. Mwezi mmoja tu baada ya agizo, shirika la serikali la madini, Gécamines, liliuza hisa zake katika mradi wa Comide huko Katanga bila kutangaza. IMF ilidai mkataba kamili wa mauzo uchapishwe. Kilichochapishwa hakikuiridhisha, na Desemba 2012 mpango wa mkopo ukakoma. Msomaji wa mbali aligonga meza, serikali ikasikia, ingawa haikutii. Msomaji wa Kapalata hakuwa na meza ya kugonga.

Mkoa wa Tshopo, ambao Kisangani ndio makao yake makuu, si mkoa wa shaba. Utajiri wake mkubwa ni msitu, na historia ya mikataba ya msitu ni ndefu kuliko agizo la Muzito. Mei 2002 serikali ilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya kukata magogo, na Agosti mwaka huo ikatoka Sheria ya Misitu. Usimamishaji huo uliwekwa kwa muda, lakini haujaondolewa rasmi hadi leo. Vibali vya zamani 156 viliwekwa kwenye mizani ili vigeuzwe mikataba ya kisheria, na vingi vikakataliwa. Kuanzia 2010 kila kampuni ilitakiwa kuandikiana na vijiji vya eneo lake makubaliano ya huduma: shule, zahanati, barabara. Karatasi hizo zilikuwepo, lakini mara nyingi nakala ya kijiji ilibaki mikononi mwa mtu mmoja, na wengine wakasikia tu habari zake.

Huko juu serikalini karatasi nyingine zilikuwa zikitembea. Mwaka 2020 Waziri wa Mazingira Claude Nyamugabo aliipa kampuni moja, Tradelink, vibali sita katika mikoa ya Tshopo na Tshuapa, vyenye jumla ya hekta zaidi ya milioni 1.3. Mashirika ya kiraia yalipinga kwamba taratibu hazikufuatwa. Oktoba 2021 Rais Félix Tshisekedi aliagiza mikataba ya misitu yenye mashaka isimamishwe na ikaguliwe, ya Tradelink ikiwa mfano. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Kongo na wafadhili wa misitu ya Afrika ya Kati walitia saini makubaliano ya dola milioni 500 kwa miaka mitano. Ndani yake kulikuwa na sharti dogo lenye meno: ripoti ya Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, kuhusu mikataba ya misitu, ichapishwe kabla ya mwaka kwisha.

Mwaka ulikwisha bila ripoti kuonekana. Ilichapishwa Aprili 2022. Wakaguzi walieleza jinsi mawaziri sita waliopokezana wizara walivyotoa au kuhamisha vibali kinyume cha sheria, licha ya usimamishaji wa 2002. Kwa mtu wa Tshopo, ambaye alikuwa ameona magogo yakishushwa mtoni kila msimu, ukataji haukuwa habari. Habari ilikuwa kwamba mtumishi wa serikali ameandika, kwa jina la serikali, kuwa vibali vile havikustahili kutolewa. Malalamiko ya kijiji yanaweza kuitwa uvumi. Ripoti ya IGF haiwezi kuitwa hivyo, na wakili anaweza kuibeba mahakamani.

IGF ilikuwa katika miaka yake ya kusikika sana, chini ya Jules Alingete, aliyeiongoza kuanzia 2020 hadi 2025. Februari 2023 ilitoa ripoti kuhusu mkataba wa Sicomines, ule wa mwaka 2008 ambapo kampuni za China zilichimba shaba na kobalti kwa ahadi ya kujenga barabara na hospitali. Katika dola bilioni tatu za miundombinu zilizoahidiwa, wakaguzi walikuta zilizotumika ni milioni 822 tu. Upande wa China ulikanusha, lakini tarakimu zilikuwa zimekwisha kutoka. Machi 2024 mkataba ulisainiwa upya, na fungu la miundombinu likapandishwa hadi dola bilioni saba. Safari hii aliyefungua daftari alikuwa mkaguzi wa nyumbani.

Majirani nao walikuwa wakipita njia hiyo hiyo, kila mmoja kwa mwendo wake. Nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alitoa Juni 2018 agizo namba 2, likizitaka taasisi zote za umma kuchapisha taarifa za zabuni na walioshinda kuanzia Julai mwaka huo. Tanzania ina desturi ambayo wasomaji wengi wanaijua: ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilishwa bungeni kila mwaka, kisha hupakuliwa na yeyote, na kwa siku kadhaa hutawala magazeti na vijiwe vya kahawa. Kongo ilirudisha uhai wa Mahakama yake ya Hesabu kwa sheria ya Novemba 2018, na majaji wake wakala kiapo mwaka 2022.

Mwaka huo huo wa 2022 faili la Kisangani lilirudi. Tarehe 9 Februari Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili. Malipo yaligawanywa katika awamu tano za dola milioni 65, kila Septemba, kuanzia 2022 hadi 2026. Kongo ilikuwa imejiandaa. Desemba 2019 ilikuwa imeunda mfuko wa kugawa fidia hiyo, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, FRIVAO, na makao yake yakawekwa Kisangani. Uganda ikalipa awamu ya kwanza.

Kisangani ulianza kujiandikisha. Walikuja wajane, walemavu, watoto wa 2000 ambao sasa ni wazazi, wakiwa na vyeti vya hospitali, picha za nyumba zilizobomoka, au mashahidi tu. Maswali yao yalikuwa mepesi kuyauliza: kiasi gani kimeingia, nani yumo kwenye orodha, nani ameshalipwa, na mfuko wenyewe unatumia kiasi gani kwa mishahara na safari. Majibu yangetosha kwenye kurasa chache zilizobandikwa kwenye mlango wa komine na kuwekwa kwenye intaneti. Badala yake mji uliishi kwa tetesi, watu wakaandamana, na uongozi wa mfuko ukasimamishwa na kubadilishwa.

Kisha likaja jambo la gereza. Constant Mutamba, aliyekuwa Waziri wa Sheria tangu katikati ya 2024, alipanga kujenga gereza jipya Kisangani. Kazi ilipewa kampuni ya Zion Construction kwa makubaliano ya moja kwa moja, bila zabuni ya wazi, na zaidi ya dola milioni 19 zikahamishiwa kwenye akaunti ya kampuni hiyo mwaka 2025. Fedha hizo zilitoka kwenye akaunti ya FRIVAO. Mwendesha mashtaka alidai kwamba taratibu za manunuzi zilikiukwa. Bunge liliruhusu waziri ashtakiwe, naye akajiuzulu Juni. Mutamba alikana makosa akisema anaandamwa kisiasa. Tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya Kinshasa ilimtia hatiani kwa ubadhirifu, ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu, ikamzuia kushika wadhifa wa umma kwa miaka mitano, na ikaamuru fedha zirudishwe kwenye mfuko.

Wengi walisherehekea au kuomboleza hukumu hiyo kwa kufuata mapenzi yao ya kisiasa. Mwanahistoria ana swali lingine. Sheria ya 2010 ilikuwa na umri wa miaka 15 gereza lilipoandikiwa mkataba. Ilikwisha kusema zabuni iwe wazi. Kama mkataba ule ungekuwa hadharani siku ulipotiwa saini, pamoja na jina la akaunti ya kutolea fedha, hata mjane wa Kisangani angeuliza kwa nini fidia ya maiti wake inajenga gereza, na angeuliza kabla fedha hazijahama. Ilivyokuwa, swali liliulizwa na mwendesha mashtaka, baada ya fedha kuhama.

Ukipanga matukio haya kwa miaka, mwelekeo mmoja unajitokeza. Jopo la 2000 liliombwa na Baraza la Usalama. Agizo la 2011 lilisukumwa na IMF. Ripoti ya misitu ilitolewa kwa sharti la wafadhili wa Glasgow. Karibu kila mara daftari limefunguliwa kwa ajili ya msomaji aliye mbali, na ndiyo sababu limefungwa tena pale msomaji huyo alipoondoka au alipochoka. Mahali ambapo Wakongo wenyewe walilifungua, kama kwa Sicomines, matokeo yalidumu zaidi, kwa kuwa aliyesoma ndiye mwenye kulipa hasara.

Kumfanya mtu wa Kapalata awe msomaji si kazi ya tovuti peke yake. Umeme wa bwawa la Tshopo hukatika, data ni ghali, na ripoti huandikwa kwa Kifaransa cha wahasibu. Lakini Kisangani ina njia zake. Tangu Februari 2002 Radio Okapi hutangaza kwa lugha tano, Kiswahili na Lingala zikiwemo. Zipo pia parokia, misikiti na ofisi za komine. Mara karatasi inapokuwa mtandaoni, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Kisangani anatosha kuipakua, na redio moja inatosha kuisoma. Isipokuwepo mtandaoni, hata redio elfu hazina cha kusoma.

Awamu ya mwisho ya Uganda ilipangwa Septemba 2026. Yanayotakiwa hayahitaji sheria mpya: kiasi kilichopokelewa kwa kila awamu, orodha ya waliolipwa kwa namba za mafaili yao ili majina yalindwe, kila mkataba ambao FRIVAO imetia saini, na ripoti ya ukaguzi ya kila mwaka. Dola milioni 325 zilitozwa, kwa sehemu, kwa sababu ripoti mbili za zamani, ya jopo la Umoja wa Mataifa na ya Jaji Porter, zilichapishwa na zikapata wasomaji. Itakuwa ajabu fedha iliyopatikana kwa karatasi za wazi igawiwe kwa karatasi za siri.